Asante Iliyotangulia Meli

Kuomba ni kazi, na mimi niliajiriwa kuomba. Kitambulisho changu cha Ikulu kilisema "Mwandishi wa Barua za Rais", lakini tangu vita vianze sikuandika hata barua moja ya kumpongeza mtu wala ya kumwalika mtu chakula. Nilikaa ghorofa ya pili, kwenye chumba chenye meza tatu na feni iliyokuwa ikilia kama mtu anayesaga meno, nikimwomba rais wa nchi rafiki atupe silaha. Tena ilibidi nimwombe kwa namna ambayo yeye asijue anaombwa sana, na Mzee, yaani rais wetu, asijione anaomba kabisa. Anayedhani ni kazi rahisi aijaribu kwa baba mkwe wake, halafu aje aniambie.

Rais huyo wa nchi rafiki tulimwita Bwana Harusi. Wageni wameketi, chakula kinapoa, na hakuna kinachoanza mpaka afike yeye. Kwenye barua, bila shaka, alikuwa "Mheshimiwa Ndugu na Rafiki". Alikuwa na viwanda vya makombora, alikuwa na meli, na alikuwa na mkataba nasi uliosema kwamba adui wa mmoja ni adui wa wote wawili. Mkataba wenyewe ulitundikwa ukutani kwenye fremu. Sisi tulikuwa tumeshampata adui, yeye alikuwa bado anamfikiria.

Bosi wangu alikuwa Mkuu wa Itifaki, ambaye tulimwita Pasi kwa sababu suti yake haikuwahi kuwa na kunyanzi, na uso wake pia. Pasi aliamini kwamba kushindwa vita kwa kukosa silaha ni bahati mbaya, lakini kushindwa kwa kukosa adabu ni aibu ya milele. Nimefanya kazi na watu wabaya zaidi yake. Ila wabaya unawajua mapema.

Nyumbani kwangu vita vilikuwa na sura ya mtu mmoja, shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Wazazi wao walikufa yeye hajajua hata kufunga kamba za viatu, dada yake akamlea, na mimi nilipooa niliwapokea wawili kwa mpigo. Akakulia mikononi mwetu, akawa fundi bomba, mtaa mzima ukamwita Fundi. Alinitania kila siku ya Mungu. Kwake yeye, mimi nilikuwa mwanamume mzima anayelipwa kwa kuandika "nina heshima ya". Bomba likipasuka jikoni aliniuliza kama nitaliandikia barua au tumwite mtu wa kazi. Nilimpenda, na sioni haya kulisema.

Vita vilipokuja walimpeleka kwenye mizinga, maana waliona mikono ile inaelewana na chuma. Akawa sajini, mkuu wa mzinga mmoja kati ya mizinga iliyolinda daraja la mashariki. Mizinga walikuwa nayo. Makombora ndiyo yaliyokuwa yamekaribia kwisha, na adui alikuwa anakusanya vifaru nyuma ya vilima, kila mtu anajua, hata wauza mboga. Bila makombora, wale vijana darajani walikuwa wanangoja kuuawa, basi. Fundi alizoea kutupigia simu Jumapili baada ya chakula cha mchana, zamu yake ilipofika, na akaniambia kwamba mzinga usio na kombora ni bomba tu, na mabomba anayajua. Mke wangu hakucheka. Aliniuliza lini makombora yanafika, na tangu siku hiyo aliniuliza kila nilipovua viatu.

Barua yetu ya kwanza ya kuomba makombora niliiandika kutwa nzima. Pasi akaipitia na kuipunguza njaa. Aliniambia mwenye kutoa hapendi kuona mbavu za mwombaji, zinamharibia hamu ya kula. Majibu ya Bwana Harusi yalikuja kurasa tatu. Alituandikia kuhusu goti lake linalomsumbua, kuhusu maua ya bustani yake, na kuhusu urafiki wa mataifa yetu usiotikisika. Kuhusu makombora aliandika sentensi moja, kwamba suala letu linaangaliwa kwa jicho la huruma. Baadaye meli ikaja kweli. Tukakimbilia bandarini, makasha yakafunguliwa mbele ya majenerali, na ndani mlikuwa na matarumbeta. Matarumbeta na ngoma za bendi, yanang'aa, na vitambaa vya kuyafutia. Kumbe bendi ya jeshi lao ilikuwa imenunuliwa vyombo vipya, na vile vya zamani vilihitaji pa kwenda.

Tukashukuru. Mimi mwenyewe niliandika kwamba muziki huinua moyo wa askari. Nilimvisha Bwana Harusi kilemba cha ukoka mpaka mwenyewe nikasikia kichefuchefu. Fundi aliposikia habari hiyo alicheka simuni mpaka akapaliwa, akataka kujua vifaru vikija avipigie wimbo gani.

Lakini hata shukrani ya matarumbeta ilifuata utaratibu. Ofisi yetu ilikuwa na sheria moja ambayo Pasi aliikuta na mimi nikaikuta: shukrani hufuata stoo. Barua ya asante haitoki mpaka mtunza stoo wa jeshi athibitishe kwamba kitu kimefika, kimefunguliwa na kimeonekana kwa macho. Aliyeiweka sheria hiyo lazima alikuwa ameshaumwa na nyoka. Mtu akishukuru ameshapokea, na hilo hata mtoto anayetumwa dukani analijua.

Basi siku moja asubuhi akaja Balozi wa Bwana Harusi. Tukaketi chumba cha wageni, Pasi, Balozi, na mimi pembeni na kalamu ya kuandika yanayosemwa. Balozi alieleza polepole, akichovya biskuti kwenye chai yetu. Baraza lao linapiga kura kuhusu makombora. Meli imeshapakiwa, iko gatini, inangoja kura tu. Tatizo ni kwamba Bwana Harusi alishawaambia wajumbe kuwa shehena ya kwanza ya vifaa vya vita ilishatufikia. Pasi akauliza shehena gani. Balozi akakohoa, akasema yale matarumbeta, kwenye vitabu vyao, yaliingizwa kama vifaa vya vita. Sasa wajumbe wananung'unika kwamba tumepewa silaha na hatujasema hata asante. Kinachotakiwa ni kitu kidogo sana, barua ya Mzee ya kushukuru kwa makombora, yenye moyo, isomwe barazani kabla ya kura. Wajumbe walainike, wapige kura, meli ing'oe nanga.

Mwandika kumbukumbu hasemi kikaoni. Mimi nilisema.

"Mheshimiwa Balozi, kwetu shukrani hufuata stoo."

Akanitabasamia kama anayemtabasamia dereva wake. "Na kwetu, ndugu yangu, meli hufuata shukrani."

Tulipotoka, Pasi alinishika mkono kwenye korido. Nilidhani atanifokea. Badala yake akaniuliza, kwa sauti ya chini ambayo sikuwahi kuisikia kwake, tuna kitu gani kingine cha kuwapa wale watu zaidi ya asante. Mkono mtupu haulambwi, alisema. Akanipa siku za mwisho wa wiki nimalize barua.

Nikaenda nayo nyumbani, kinyume cha kanuni zote. Mke wangu alikuwa kwenye cherehani, sebuleni, anashona sare za shule za watoto wa jirani. Nikamweleza kila kitu nikingoja anikaripie, maana yeye hapendi uongo, hata ule mdogo wa kumwambia mgeni kwamba tumeshakula. Akasimamisha cherehani. Akavuta kiti mpaka mezani kwangu.

"Kama asante ndiyo nauli ya meli, tuwape asante ya kuwatosha," alisema. "Andika kana kwamba yamefika kweli. Andika kana kwamba umemwona anayapakua."

Tukaandika pamoja, Jumamosi yote. Mimi nilileta "Mheshimiwa Ndugu na Rafiki" na mengine ya namna hiyo. Yaliyobaki yalikuwa yake. Yeye ndiye aliyewaona vijana wanapangusa vumbi kwenye makasha kwa mikono ya mashati yao. Yeye ndiye aliyemwona mama mmoja amelala usingizi wa kwanza tangu vita vianze. Na yeye ndiye aliyesema kuna sajini mmoja darajani anayeyagusa makombora moja moja, kama mzazi anayepitisha mkono kwenye vichwa vya watoto waliorudi nyumbani salama. Mwanamke yule hajawahi kuandika barua rasmi maishani mwake. Tulipofika kwa sajini alilia, na mimi nikalia, na nilipoisoma yote tangu mwanzo tulijikuta tunafurahi. Wallahi tulifurahi, watu wazima wawili, kana kwamba meli imeshatia nanga. Usiku ule hakuniuliza makombora yanafika lini.

Pasi hakubadili hata neno. Mzee akaisoma, akatia sahihi.

Ikasomwa barazani kwao na wajumbe wakapangusa macho. Redio yao ikaitangaza, redio yetu ikaidaka, na kesho yake Mzee mwenyewe akaisoma hewani kwa sauti yake, kwa sababu barua nzuri ni mali na wanasiasa hawaachi mali ikalala. Kinyozi wetu alizima mashine ili wateja wasikie. Wanawake walipiga vigelegele barabarani. Mwenye duka wa mtaani kwetu, mtu mgumu kuliko jiwe, aligawa peremende bure. Mimi nilipita katikati ya furaha ile nikijiambia kura inapigwa kesho, mambo yatakaa sawa.

Balozi aliporudi alikataa chai. Hapo hapo nilijua.

Alieleza kwamba mambo yalianza vizuri. Siku ya kura barua ikasomwa tena, watu wakaguswa tena. Halafu mjumbe mmoja wa upande wa upinzani akasimama, machozi bado shavuni, akasema amefurahi mno kusikia kwamba ndugu zetu hawa wametosheka, wamelala usingizi, wamesema kwa kinywa chao. Lakini iko nchi nyingine rafiki, masikini, ambayo haijapata hata kombora moja na haijawahi kushukuru kwa kuwa haina cha kushukuru. Kwa nini meli isiende huko? Wakapiga kura. Meli ikaenda huko. Balozi alisema anasikitika, na nadhani alisikitika kweli, kwa kiasi ambacho mshahara wake ulimruhusu. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Nikarudi mezani kwangu bila kuagizwa na mtu, nikaandika barua fupi kuliko zote nilizowahi kuandika. Hakuna kombora lililotufikia. Barua ya shukrani iliandikwa kwa ombi la Balozi wenu. Tunaomba meli irudishwe, watu wetu watakufa. Pasi aliisoma akanyanyua mikono kana kwamba karatasi ina moto, ila hakunizuia. Tukaingia kwa Mzee wote wawili.

Mzee alivua miwani. Alikuwa amekonda, shingo imepotea ndani ya kola, na simsingizii, hakuwa mtu mwovu. Akaniuliza nataka aiambie nini dunia. Kwamba alisimama redioni akaishukuru hewa? Na yule mwenzake awaambie wajumbe wake kwamba vifaa vya vita vilikuwa matarumbeta? Wataanguka wote wawili siku moja, na adui atakuwa ameshinda bila kuwasha kifaru.

"Na daraja, Mzee?" nikauliza.

"Daraja lina amri. Litashikiliwa."

Kuwarudisha wale vijana ng'ambo ya mto kungekuwa kukiri. Watu wangeuliza kwa nini wenye makombora tele wanakimbia. Kwa hiyo amri ikabaki pale pale ilipo, funika kombe mwanaharamu apite, na barua yangu Pasi akaifungia kwenye droo.

Jumapili ikafika. Nilichotaka kukifanya kilikuwa kosa la kufungwa, na wakati wa vita ni kosa la kunyongwa. Nilimwambia mke wangu asubuhi. Alifunga madirisha ya upande wa barabarani, kisha akaketi karibu na simu mikono mapajani. Ilipolia akanipa mimi moja kwa moja.

"Fundi, nisikilize. Makombora hayakuja, na hayaji."

Akacheka. "Shemeji, utani wa leo mchungu."

"Sitanii. Meli imeenda kwingine. Mwambie luteni wako mrudi ng'ambo ya mto leo hii."

Nikasikia upepo na watu wakiongea nyuma yake. Halafu akanieleza mambo ambayo hadi leo nikiyakumbuka nataka kuvunja kitu. Luteni wao ni mtoto, hafanyi neno bila kumuuliza yeye. Asubuhi ile ile alikuwa amemuuliza kama wavushe mizinga warudi nyuma, maana vumbi la vifaru linaonekana. Yeye ndiye aliyemwambia wangoje. Alikuwa amewasomea vijana barua ya Mzee kutoka gazetini, wakatulia, na aliyekuwa akitoroka usiku alikuwa ameacha kutoroka.

"Ile barua, Mzee hajafika hata nusu redioni, nilishajua ni yako," alisema. "Wewe nakujua, shemeji. Ukidanganya bei ya sukari tu unatoka jasho. Mtu hawezi kushukuru vile kwa kitu ambacho hakijafika. Dada kakutuma unitoe huku, sivyo?"

Nikaapa. Niliapa kwa Mungu, kwa kaburi la mama yangu, kwa kila nilichoweza kuapia. Mke wangu akaninyang'anya simu, akamwambia yeye mwenyewe, kwa jina lake la utotoni, kwamba hakuna makombora, arudi. Na kwa Fundi huo ndio ukawa ushahidi. Akamwambia kwa upole kwamba amekuwa mkubwa sasa, asihangaike. Yule sajini wa kwenye barua, alisema, alijua tu kwamba ni yeye. Makombora yako njiani kutoka bandarini, barabara ni mbovu, watangoja. Kisha zamu ya mwenzake ikafika na simu ikakatika.

Vifaru vilikuja Alhamisi asubuhi. Vijana wakapiga makombora machache ya zamani waliyobaki nayo, yakaisha, na hakuna aliyevuka kurudi. Waliosalimika ni wale waliojitupa mtoni, na mmoja wao ndiye aliyekuja kutuambia kwamba Fundi alikuwa anaangalia barabara ya bandarini mpaka dakika ya mwisho. Angenyamaza yule kijana. Mwili hatukuupata, maana ng'ambo ile ilishakuwa ya adui. Mke wangu alilia kwa siku moja, kwa sauti, kama watu wote. Baada ya hapo hakusema na mimi. Hakuninunia. Aliniwekea chakula, alinifulia mashati, ila hakuwa na neno.

Jumatatu ikaja barua ya Bwana Harusi. Alitoa rambirambi kwa kuanguka kwa daraja, kurasa mbili nzuri, goti bado linamsumbua. Mwishoni aliuliza swali, si yeye, ni wajumbe wake. Wanataka kufahamu yale makombora tuliyoyashukuru yalitumikaje hata daraja likaanguka. Bila maelezo ya kuridhisha itakuwa vigumu kuzungumzia msaada mwingine.

Pasi aliniita akiwa na jibu tayari, limenyooshwa. Makombora yalifika. Yalipelekwa darajani. Wapiga mizinga wa pale waliyapoteza kwa uzembe, na mengine inasemekana waliyauza. Wahusika wote wamekufa, kwa hiyo hakuna wa kuumizwa. Alisema hivyo, hakuna wa kuumizwa, mtu aliyenishika mkono asubuhi ile ile akanipa pole ya shemeji. Akanisogezea karatasi. Akasema angeandika mwenyewe, lakini hakuna anayeandika kama mimi.

Nilimtukana. Sikumtukana kidiplomasia. Nilimtukana mpaka walinzi wakachungulia mlangoni, nikamtupia kitambulisho changu mezani, nikamwambia uongo ule wa kwanza tuliuandika kwa ajili ya kumwokoa mtu, na huu aandike mwenyewe na mkono wake uoze. Alingoja nimalize. Kisha akavuta karatasi kwake na kuanza kuandika tarehe.

Kesho yake, siku ya tatu tangu habari ya kifo itufikie, watu walijaa nyumbani kwetu. Turubai lilifungwa mbele ya nyumba, viti vilitoka dukani na kwa majirani, na wanawake walikuwa wakipika nyuma. Mchana kutwa nilisikia watu wakimwita Fundi shujaa. Kila mmoja alikuwa na bomba alilotengenezewa bure. Mwenye duka alileta sukari gunia zima na akakataa kuongelea malipo, na kinyozi akasimulia jinsi Fundi alivyoingia tumbo wazi kwenye mtaro wa maji machafu kuokoa kuku wa jirani. Watu wakacheka vizuri, kicheko cha msibani. Nilimwona mke wangu, ameketi kwenye mkeka kati ya wanawake, anatabasamu kidogo. Nikafikiri labda kesho atasema na mimi.

Taarifa ya habari ya mchana ilitoka kwenye redio ya mtu aliyeketi nyuma. Kwanza hakuna aliyesikiliza. Kisha likatajwa daraja, watu wakanyamazishana kwa heshima wakidhani anasifiwa. Serikali imebaini kwamba makombora yaliyotolewa na nchi rafiki yalifika salama na kukabidhiwa kwa mizinga ya darajani, na kwamba wakuu wa mizinga hiyo waliyapoteza kwa uzembe na kuyauza kwa tamaa zao. Pasi hakuandika vizuri, lakini alieleweka.

Wa kwanza kuinuka alikuwa kinyozi. Akasema amekumbuka kuna mteja. Wakafuata wawili, halafu watano, bila kuaga, wengine wakitazama chini kana kwamba wamedondosha funguo. Mwanamke mmoja kwenye mkeka alimuuliza mwenzake, si kwa sauti ndogo ya kutosha, kwamba sasa hizo pesa zilikwenda wapi, mbona nyumba yenyewe hii hii.

Nikasimama katikati ya turubai. Nikawaambia hakuna kombora lililofika. Nikawaambia ile asante ilikuwa ya uongo, niliiandika mimi, mezani kwangu, hapo ndani, meli ikiwa bado haijang'oa nanga, na Fundi amekufa akiisubiri. Sikujali tena nani ananisikia na nani ataniripoti. Nilisema mpaka sauti ikakauka.

Mwenye duka alikuja akaniwekea mkono begani. Hakuwa na ubaya wowote, macho yake yalikuwa yamelowa.

"Pole, ndugu yangu," alisema. "Msiba unachanganya. Lakini ile asante tuliisikia wenyewe kwa masikio yetu. Mke wangu alilia kwa yule sajini. Kitu kama kile hakitungwi."

Akaanza kukunja viti vyake. Alivikunja taratibu, kwa aibu, akimwacha kila mtu ainuke kwanza, na gunia la sukari hakuligusa. Nilitaka kumfuata mpaka dukani kwake, nikasimame mlangoni nirudie kila neno mpaka anielewe. Nikahisi nimeshikwa mkono wa shati kwa nyuma. Alikuwa mke wangu.

"Waache," alisema. "Tulishawaeleza mara moja, tukaeleza vizuri. Inatosha."

Kisha akainama, akaanza kukusanya vikombe, vingi vikiwa bado vina chai.